Mwanangu na mkewe wamenizuia wajukuu: naweza kwenda mahakamani?

SWALI: Assalamu alaykum mwanasheria. Mimi na mume wangu tunaishi Wete, Pemba. Mwanangu yuko Unguja na mkewe, wamo ndani ya ndoa yao. Mjukuu wangu mkubwa, wa kike, nilimlea mimi tangu ana mwaka mmoja mpaka akatimiza mitano, ndipo wakamchukua aanze skuli. Sasa ana minane. Mdogo wake nimemuona mara mbili tu. Tuligombana kwa ajili ya kiwanja, na huu ni mwezi wa 14 hawaji wala hawapokei simu. Jirani ananiambia bibi ana haki kisheria, nifungue kesi. Ni kweli? Nianzie wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam, shikamoo bibi. Nianze na lile zito. Maadamu wazazi wote wawili wapo, wanaishi pamoja na wanawatunza watoto wao, ni vigumu sana kupata amri ya mahakama ya kuwalazimisha wakuletee wajukuu. Kuamua mtoto akae na nani na atembelewe na nani ni mamlaka ya wazazi. Hakimu au kadhi huingia pale wazazi wanapoachana na kuvutana, pale mzazi anapofariki au asipojulikana alipo, au pale mtoto anapoumizwa au kutelekezwa. Ugomvi wa kiwanja baina yenu watu wazima haumo humo.

Nadhani jirani yako ameyasikia ya nchi nyingine. Ufaransa sheria yao ya madai inampa mtoto haki ya kuwa karibu na babu na bibi zake. Uingereza bibi huomba kwanza ruhusa ya mahakama, akipewa ndipo alete maombi yenyewe. Marekani kila jimbo lina sheria yake, lakini mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Troxel v. Granville, ilimkatalia bibi na babu kwa hoja kwamba uamuzi wa mzazi anayefaa lazima upewe uzito wake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya kazi Wete.

Tahadhari pia na fomu za Tanzania Bara. Kila mara watu huja na maombi yaliyoandikwa kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 au Sheria ya Mtoto ya 2009. Zote mbili ni za Bara, na maombi ya namna hiyo huanguka kabla hujasikilizwa. Kwetu Zanzibar ipo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, ambayo msingi wake ni maslahi ya mtoto na inataka maoni yake yasikilizwe kwa kadiri ya umri na akili yake. Kwa Waislamu, mambo ya ndoa, talaka na hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, yana Mahakama ya Kadhi, chini ya Sheria Namba 9 ya 2017.

Hadhana nayo huzaliwa pale ndoa inapovunjika. Kwa fiqhi ya Kishafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa visiwani, mama hutangulia, kisha mama mzaa mama, kisha baba, ndipo mama mzaa baba. Wewe umo, lakini ni wa nne, na wa kwanza na wa tatu wanaishi nyumba moja. Kuunga udugu ni wajibu wa dini, na kadhi au sheikh atamkumbusha mwanao kwa maneno mazito. Lakini kukumbushwa wajibu si sawa na kupewa amri ya mahakama.

Hata hivyo, wajukuu wako wawili hawako sawa mbele ya sheria. Kwa mdogo huna cha kushika zaidi ya undugu. Huyo mkubwa ulimlea miaka minne. Ukisema kwamba mtoto amekatwa ghafla kutoka kwa mtu aliyemlea, na kwamba jambo hilo linamdhuru yeye, unazungumza lugha ambayo mahakama inaisikia. Ukisema "nina haki na damu yangu", umeshazungumzia haki yako na kuyaacha maslahi yake. Kwa hiyo, hata kabla hujaamua lolote, kusanya ushahidi wa ule ulezi: kadi ya kliniki iliyojazwa Wete, daftari la chuoni (madrasa) kwake, barua ya sheha wako, kiongozi wa mtaa, kwamba mtoto aliishi kwako na kwa kipindi gani, vyeti vya kuzaliwa vya mtoto na vya mwanao, na mashahidi wawili wasio wa nyumbani kwenu. Hata kama hakuna kesi, karatasi hizo zitakufaa kwenye sulhu.

Na sulhu ndiyo njia yako hasa. Iandae kwa uzito ule ule wa kesi. Usianze kwa kwenda Unguja kubisha mlango. Tafuta mtu mmoja ambaye mkamwana wako anamheshimu, si mwanao peke yake. Vikao vingi vya namna hii huvunjika kwa sababu upande wa mume umemzunguka mke, naye anaona amewekwa kizimbani. Akikubali, kikao kifanyike huko wanakoishi wao, mbele ya sheha wao au ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Wasaidizi wa sheria wapo kila wilaya, na Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Chake Chake. Hao watakusaidia kuandika barua ya kuomba kikao bila kulipa.

Omba kidogo. Bibi anayeomba likizo nzima ya skuli hurudi mikono mitupu, kwa sababu wazazi wanaogopa mtoto hatarudishwa, hasa aliyewahi kulelewa huko. Anza na simu ya dakika kumi kila Ijumaa baada ya Alasiri, kisha ziara ya saa mbili nyumbani kwao, wao wenyewe wakiwepo, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Wete iwe baadaye. Mkikubaliana, muandike: siku gani, saa ngapi, nani anampokea mtoto gatini, nauli ya boti ni ya nani, Idd ipi ni ya upande upi, na mtoto akiumwa itakuwaje. Msaini nyote wanne na mashahidi, kila upande ubaki na nakala, moja aiweke sheha. Makubaliano ya mdomo hufa siku ya kwanza mtoto anapochelewa kurudi.

Yako mambo ambayo yakifanyika mara moja tu yatakufungia kila mlango. Usimchukue mtoto skuli au chuoni bila idhini. Kumtoa mtoto mikononi mwa mlinzi wake halali ni kosa la jinai, hata kwa bibi. Usimpe mtoto simu ya siri. Na usiripoti unyanyasaji usiokuwepo ili kumtisha mkamwana. Kama una dalili za kweli kwamba mtoto anapigwa au anaharibiwa, hilo ni jambo jingine na halingoji sulhu: piga 116, simu ya msaada kwa watoto, au nenda hospitali kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili.

Hali ikibadilika, jibu hili nalo hubadilika. Wakiachana, rudi kwa mwanasheria mapema. Mwanao akitangulia, Mungu amjaalie umri, babu mzaa baba ndiye huwa walii, yaani msimamizi wa watoto, lakini watoto hubaki kwa mama yao. Familia nyingi za upande wa baba hulikosea hili na kwenda kuwachukua watoto msibani.

Kiwanja kiache nje ya kikao cha watoto. Kina mahali pake, Mahakama ya Ardhi, au kikao kingine siku nyingine. Mtu yeyote akikitaja, hata mumeo, muombe mwenye kikao amsimamishe hapo hapo.