Mkuu, usilete samaki Jumamosi. Bwawa lako bado bichi

Ungesema Jumamosi ya mwezi ujao ningepita kimya kimya. Umesema Jumamosi hii. Fundi kamaliza Jumatatu, maji umejaza jana, na muuzaji keshakuahidi kukufikishia koi 20, wale samaki wa urembo wenye rangi, mpaka getini kwako Madale kwa bei ya ofa. Halafu unatuuliza chakula gani, pampu ya wati ngapi, maua gani ya majini, na kunguru utawazuiaje. Mkuu, kunguru usihangaike nao. Kwa mpango huo utawalisha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kuanzia Alhamisi.

Najua kwa sababu nimeyafanya yote hayo, kwa mpangilio huo huo, nikiwa na tabasamu.

Mimi niko Goba. Mwaka 2021 nilijenga la kwangu la saruji, mita 3 kwa 2, kina mita 1. Lita 6,000. Fundi akaniambia saruji imekauka, bosi, jaza. Nikajaza siku ya Alhamisi. Jumamosi koi 18 wakaingia, kila mmoja elfu 25. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuipiga.

Muuzaji simtaji, ila alikuwa na maneno kama dalali wa viwanja. "Mzee, koi ni samaki mgumu. Kwao Japani, huko Niigata, anaishi theluji ikiwa juu ya kichwa. Hapa Dar atakuwa yuko fungate." Nikacheka, nikalipa. Na ya Niigata ni kweli, wakulima wa mpunga wa huko ndio waliowazalisha mpaka wakapata rangi hizi. Lakini ugumu wa baridi si ugumu wa sumu. Maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi. Ya kwangu mwezi ule wa Februari yalikuwa nyuzi 30, na maji ya namna hiyo hewa yake ni ya kugombaniwa. Yaani sifa aliyoniuzia kwa mbwembwe zote ndiyo pekee ambayo Goba haina kazi.

Jumapili nikaita watu. Soda, mishikaki, watoto wamepanga mstari ukingoni wanatupia mikate. Binti yangu, alikuwa darasa la pili, akawahesabu kwa kidole mara tano. Nilijiona nimefika kabisa.

Jumanne asubuhi nikawakuta wote wamejazana pale maji ya filta yanapodondokea. Vinywa juu ya maji, wanafungua, wanafunga, kama kwaya iliyozimiwa spika. Binti akasema, "Baba, wanaongea." Mimi na akili zangu nikaona wana njaa. Nikawaongezea chakula.

Nikampigia muuzaji. "Tia chumvi, mzee." Nikatia kilo mbili. Alhamisi mikia ina mistari ya damu, mmoja amelala ubavu, ukimgusa na fimbo anashtuka, anaogelea kidogo, analala tena. Nikapiga tena. Nasikia magari nyuma yake, yuko safarini kupeleka msiba mwingine. Akasema, "Maji yamechafuka hayo. Mwaga yote, osha filta vizuri, jaza mapya."

Sasa hapa ndipo nilipojimaliza, kwa hiyo nisome polepole.

Nilikodi pampu. Samaki tukawaweka kwenye mabeseni ya kufulia. Mimi na kijana wa bustani tukasugua bwawa kwa brashi, na sponji za filta tukazipiga sabuni ya mche mpaka zikawa nyeupe kama shuka la gesti mpya. Usiku ule, ajabu, bomba likatoka na presha ambayo sijaiona tena tangu nihamie mtaa huu. Tukajaza kwa mpira moja kwa moja, harufu ya dawa ya maji unaisikia ukiwa barazani. Tukawarudisha samaki. Saa tatu usiku umeme ukakatika, pampu ikanyamaza, nikaenda kulala huku nikijipongeza kwa kazi nzuri.

Asubuhi 11 wanaelea. Mpaka Jumapili jioni walikuwa 17.

Mama mkwe alikuwepo nyumbani wiki hiyo, ni mtu wa Ukerewe. Aliwaangalia kwenye beseni muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole wote, "Baba, hata kuwakaanga hukuwahi?" Tuliwazika chini ya mpapai. Mpapai ulizaa vizuri sana mwaka ule, na papai la kwanza nililila peke yangu nikiwa nimesimama. Sijui kama kuna mtu Dar amewahi kula papai la laki nne na nusu.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani anayefuga sato. Alikuja na pole, akachovya mkono bwawani, akanusa, akasema, "Maji yako mabichi." Basi. Neno moja ambalo fundi, muuzaji na mimi mwenye diploma hatukuwa nalo.

Ubichi wenyewe ni huu. Samaki anatoa amonia mchana na usiku, nyingi inapitia kwenye matamvua anapopumua, na chakula kinachobaki kikioza kinaongeza. Amonia ni sumu. Katika bwawa lililoiva kuna bakteria wamejishika kwenye sponji, kwenye mawe, kwenye kuta, wanaigeuza amonia kuwa nitraiti. Nayo ni sumu, inaharibu damu mpaka inakuwa ya kahawia na haibebi oksijeni. Kisha bakteria wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia na mimea inaila. Bakteria hao hawaji na pampu. Hawauzwi kwenye boksi la filta. Wanajizalia wenyewe, taratibu, wiki nne mpaka sita, na kwa joto letu angalau hawachelewi sana. Bwawa lako la jana lina bakteria hao kiasi gani? Hawapo.

Halafu saruji mpya. Inatoa chokaa, pH (namba inayopima maji yana asidi au ualkali kiasi gani) inapanda. Yangu nilipoipima kwa kuchelewa, kama mtu anayepima presha ya marehemu, ilikuwa 9. Kwa nyuzi 28 hivi, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo kwenye hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 9 inafika kama asilimia 40. Samaki wale wale, uchafu ule ule. Kwa hiyo mikate ya Jumapili, chakula changu cha Jumanne, na ukuta wa fundi vilikuwa timu moja.

Na ule ushauri wa kumwaga yote! Bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika tuliwaua kwa sabuni. Waliosalia wakamalizwa na klorini ya bomba, ambayo pia inachoma matamvua ya samaki. Kubadilisha maji inaruhusiwa, hata ukiona amonia imepanda ni lazima, lakini robo au theluthi, tena maji yaliyokaa wazi kwenye simtanki siku moja au mbili huku yanapulizwa hewa, au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Sponji unazikamua ndani ya ndoo ya maji ya bwawa lenyewe. Zikiwa na tope la kahawia usizionee aibu, lile tope ndiyo filta. Chumvi nayo si uongo mtupu, inamkinga samaki na nitraiti. Kwa amonia haifanyi kitu, na mimi nilikuwa nakufa na amonia.

Kwa hiyo kabla ya kuniuliza kitu kingine chochote: filta izunguke wiki sita bila samaki. Kwanza jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara tatu nne mpaka pH itulie, au paka rangi ya epoksi ya mabwawa ya samaki halafu uiache ikauke sawasawa. Kisha washa pampu, tupia chakula cha samaki kiganja kimoja kiozee humo, kila baada ya siku chache kidogo tena. Majirani watakuona umechanganyikiwa, unalisha maji. Waache. Ukimpata mtu mwenye bwawa zima lisilo na magonjwa, muombe kipande cha sponji chafu, kije kikiwa kimelowa, kitakupunguzia wiki kadhaa. Nunua kipimo cha matone cha amonia, nitraiti na pH. Amonia itapanda, itashuka. Nitraiti itapanda, itashuka. Zote mbili zikisoma 0 wakati bado unatupia chakula, hapo leta samaki watatu. Sikusema 20.

Maana hata hiyo 20 umeipata wapi? Umeandika futi 8 kwa 4, kina futi 2. Hiyo ni kama lita 1,800. Koi mkubwa anafika sentimita 60 na zaidi, na wafugaji wengi wanampa mmoja walau lita 1,000. Wewe una nyumba ya koi mmoja na mgeni wake. Weka samaki wa dhahabu wachache, au ongeza kina kabla hujaweka maru maru pembeni.

Pampu usiizime usiku eti kubana luku. Umeme ukikatika uwe na kipulizia hewa cha betri au sola, maana filta ikikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wanakufa na unarudi kwenye ubichi. Chakula nilitaka kukiandikia vizuri ila nimeshachoka, wiki ya kwanza walishe kidogo mno, wasilie wala wasishibe.

Yule mmoja aliyebaki yupo. Mzee jirani alimchukua akamweka kwenye pipa la maji ya kijani ya sato wake miezi miwili, ndipo akamrudisha. Binti alimpa jina Shahidi. Sasa hivi ni mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganjani, mweupe mwenye doa jekundu mgongoni, na kila nikisimama ukingoni anakuja kuniangalia kwa jicho moja.

Mpigie huyo muuzaji leo, mwambie asubiri. Akikwambia bei ya ofa inaisha Jumamosi, mwambie iishe. Kisha rudi hapa uweke picha ya kichupa cha kipimo cha amonia. Ya samaki sitaki kuiona kwa sasa.