Enterprise iliundwa San Francisco au Iowa?

Ndugu yangu wa Mbarara, umeuliza uamini kipi kuhusu Enterprise, chombo cha angani cha kubuniwa katika hadithi za Star Trek: kibao cha kwenye chumba anamoongozea nahodha na maofisa wake kinachosema San Francisco, au filamu ya Star Trek ya 2009 inayoonyesha Enterprise ikiundwa ardhini, huko Iowa, jimbo la Marekani. Amini vyote, maana hivyo ni vyombo viwili.

Katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulioanza 1966, kibao kiko wazi. Kitabu cha 1968 kuhusu utengenezaji wa mfululizo huo kinaongeza kwamba vipande vilitengenezwa San Francisco, kisha chombo kikaunganishwa angani. Sisi Uganda hilo lisitushangaze. Meli ya Robert Coryndon iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Ziwa Albert mwaka 1930. Ukiuliza ilizaliwa wapi utapata majibu mawili, na yote halali.

Iowa ni habari nyingine kabisa. Filamu ile yenyewe inaeleza kuwa historia ilivurugika mwaka 2233, adui aitwaye Nero alipotokea kutoka wakati ujao na kukishambulia chombo kingine cha angani, Kelvin. Tangu hapo kuna mikondo miwili ya wakati: Enterprise ya kwanza huhesabiwa kuanza kazi 2245, hii nyingine 2258. Kwa hiyo wanaodai watunzi wa filamu walisahau kibao cha San Francisco wanawaonea.

Hata hivyo, mimi naipenda zaidi simulizi ya angani. Chombo kikubwa vile, kisichokusudiwa kutua kwenye sayari, kwa nini ukiunde ardhini halafu uhangaike kukiinua?