Kifungu Nilichochekwa Nacho Kimelipa

Mteja wangu amelipwa. Msafirishaji aliyeapa kwamba hatatoa hata senti moja zaidi ya hesabu yake ameweka fedha benki, na kilichomlegeza ni aya moja ya kifungu cha tafsiri, yaani sehemu ya mkataba inayoeleza maana ya maneno yake, niliyoiandika mwaka 2021, nikachekwa nayo. Leo mtanivumilia: nitajisifu kidogo kabla ya kuwashauri.

Mteja huyu anauza mabondo ya sangara (vibofu vya hewa vya samaki huyo), makavu, kutoka Mwanza. Mzigo unapanda lori, unavuka mpaka Sirari, unapakiwa ndege Nairobi kwenda Hong Kong, na wakala mmoja wa usafirishaji ndiye anayewajibika tangu ghalani kwa mteja hadi mwisho wa safari. Angani hapakuwa na la kubishania. Huko unatawala Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zote zimejiunga nao, na fidia ya mzigo ina kikomo chake kwa kila kilo. Lakini kifungu cha 18 cha mkataba huo kinasema safari ya nchi kavu nje ya uwanja wa ndege haimo. Ipo dhana inayombeba mwenye mzigo pale isipojulikana mali imeharibikia wapi: huchukuliwa kuwa iliharibikia angani. Ikishathibitika kwamba imeharibikia barabarani, dhana hiyo imekwisha.

Kwa hiyo tuliafikiana kwamba hata barabarani msafirishaji atalipa kwa kikomo kile kile cha Montreal. (Mteja angeweza kutangaza thamani halisi ya mzigo na kulipia nyongeza. Hakutaka. Wafanyabiashara mnawajua.) Ikabaki kueleza Mkataba wa Montreal ni upi. Nikaandika kwamba ni mkataba wa kuoanisha baadhi ya kanuni za uchukuzi wa kimataifa kwa ndege, uliofanyika Montreal tarehe 28 Mei 1999, pamoja na vikomo vya fidia kama vitakavyokuwa vimerekebishwa chini ya kifungu chake cha 24 na kuwa vinatumika siku ya tukio.

Mkuu wangu wa wakati ule aliisoma aya hiyo kwa sauti, mteja akiwa ameketi pale pale, akauliza kama siku hizi nalipwa kwa idadi ya maneno. "Montreal ni Montreal," akasema. Watu wakacheka. Mteja ndiye aliyeniokoa: "Iacheni, haidai kula." Nasikia aya hiyo sasa imo katika mikataba ya ofisi ile, neno kwa neno, na hakuna anayekumbuka ilitoka kwa nani. Mimi nakumbuka.

Na si kweli kwamba Montreal ni Montreal. Upo mkataba wa Montreal wa 1971 unaohusu uhalifu dhidi ya usalama wa ndege. Zipo itifaki za Montreal za 1975 zilizorekebisha Mkataba wa Warsaw wa 1929. Ipo Itifaki ya Montreal ya 1987 kuhusu tabaka la ozoni. Ukiandika Montreal tupu, wakili wa upande wa pili mwenye njaa umemwandalia meza.

Mapema mwaka 2025 mvua ilipenya turubai la lori, na tani mbili zikaota ukungu kabla hazijafika Nairobi. Kilo ya mabondo inauzwa juu sana ya kikomo chochote cha Montreal, kwa hiyo ugomvi wote ukawa ni kikomo kipi. Kifungu cha 24 kinataka vikomo vipitiwe kila baada ya miaka mitano kwa kuangalia mfumuko wa bei, kazi inayosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Mkataba wa Montreal ulipoandikwa, kikomo cha mzigo kilikuwa SDR 17 kwa kilo. SDR ni ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na moja inazidi dola moja ya Marekani. Mwishoni mwa 2009 ikawa 19. Desemba 2019 ikawa 22. Tarehe 28 Desemba 2024 ikapanda hadi 26.

Msafirishaji alikuja na 22. Hoja yake: tulisaini 2021, kiwango kilikuwa 22, hicho ndicho tulichokubaliana. Bila maneno "kuwa vinatumika siku ya tukio", hoja hiyo ingekuwa na mashiko, kwa sababu barabarani Mkataba wa Montreal haukuwa na nguvu yake wenyewe. Ulikuwa na nguvu tuliyoupa sisi, kwa maneno yetu. Tofauti ya SDR 4 kwa kilo, mara kilo 2,000, ni SDR 8,000. Zaidi ya dola 10,000, kwa aya moja. Nani anacheka sasa?

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kuwa waandishi wa mikataba wa kuaminika, na najua wote mnaosoma hapa mnataka: jina kamili, mahali, tarehe, na marekebisho yamo au hayamo. Jina, mahali, tarehe, marekebisho. Msichoke.

Tazameni wakimbizi. Mkataba wa 1951 ulimtambua mkimbizi kwa matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyofuta kizuizi hicho. Andika "Mkataba wa 1951" peke yake, bila itifaki, na kwenye karatasi yako mtu aliyekimbia vita mwaka jana si mkimbizi. Tazameni pia "Nchi Wanachama" wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nimeona mkataba wa biashara ulioziorodhesha Kenya, Uganda na Tanzania, nukta. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Muuzaji wa Goma akasome wapi haki yake?

Hata mabunge huteleza. Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, kifungu cha 36, inaufafanua Mkataba wa New York, unaohusu kutambua na kutekeleza hukumu za usuluhishi za kigeni, kwa uangalifu wa kupendeza: tarehe 10 Juni 1958, na Kenya kujiunga tarehe 10 Februari 1989 kwa sharti la kutendeana, yaani kuzitambua hukumu za nchi zilizojiunga tu. Halafu inasema ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ilhali ulipitishwa na mkutano maalumu ulioitishwa na Umoja huo. Tarehe iliyo sahihi inauokoa ufafanuzi, kwa hiyo hakuna atakayepotea. Ndiyo maana nasema tarehe.

Kijana mmoja wa Dodoma ameniandikia: "Shikamoo wakili, nikinakili tafsiri kutoka mkataba wa zamani kuna ubaya?" Marahaba. Nakili, lakini uliza kwanza kama wateja wako wanataka kiwango kigande siku ya kusaini au kitembee na wakati. Benki na kampuni za bima mara nyingi zitataka kigande ili zijue mwisho wa hasara. Mwenye mzigo atataka kitembee. Ukishajua unamtetea nani, fungua tovuti ya ICAO, orodha ya nchi zilizojiunga na Montreal ipo bure. Ya Mkataba wa New York iko UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa. Angalia nchi ya mzigo unakotoka na unakokwenda, na kama zilijiunga kwa masharti, siku ile ile ya kusaini. Chapisha ukurasa huo, uweke kwenye faili la mteja.