Kamera ya baba watoto imetuharibia likizo ya Marangu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Arusha. Kila mwaka shule zikifunga tunakwenda Marangu kwa siku chache, tunafikia hotelini, na mchana mmoja tunapita kwa mama mkwe kumsalimia. Tangu mume wangu anunue kamera, hatupumziki. Alfajiri anatuamsha wote tukapige picha na mlima. Chakula kinapoa mezani mpaka amalize kukipiga. Mwaka jana alimpiga binti yetu wa kidato cha pili ametoka kuamka, amejifunga kanga ya bibi yake kichwani kwa baridi, akaiweka kwenye stetasi. Mtoto alilia, akagoma kutoka chumbani. Usiku ule niliificha betri ya kamera. Aliitafuta mpaka kwenye buti la gari, nami kimya. Mwezi ujao tunakwenda tena. Nimwambie kamera ibaki nyumbani?*

Marahaba mwanangu. Hapana, usimwambie hivyo. Mtu aliyepata kitu cha kumtoa kitandani kabla ya jogoo, ukimnyang'anya, utakwenda Marangu na mwanaume aliyenuna. Hilo nalo si pumziko.

Naona umeyafunga mambo mawili kwenye furushi moja. Kuamshwa alfajiri na chakula kupoa ni kero, zinarekebishika. La binti ni zito, tuanze nalo.

Binti wa umri huo anaijua sura anayotaka watu waione. Stetasi ya baba yake inatazamwa na wajomba, majirani, pengine na mama wa rafiki yake wa darasani. Baba aliona mtoto wake mzuri ndani ya kanga. Mtoto aliona ameanikwa. Sidhani mumeo alikusudia ubaya, lakini mtoto bado anadai. Baba mwenyewe amwite, wakae wawili, amwombe radhi kwa maneno kamili, na kama picha ingali kwenye simu au kwenye kundi la ukoo, aifute mtoto akiona. Kuanzia hapo picha ya mtu isitoke bila mwenyewe kukubali, hata wa mwisho aliye mdogo. Usimsemee baba, wala usimharakishe binti kusamehe.

Kwenye ratiba, mlima wenyewe utakusaidia. Mumeo anajua kwamba Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri asubuhi na mapema. Jua likishapanda, unyevu wa msituni nao hupanda, mawingu yakafunika, na mara nyingi mlima haufunguki tena mpaka jioni. Jua la saa sita nalo linamwaga weusi chini ya macho ya kila anayepigwa. Kwa hiyo saa zake nzuri ni mbili tu, macheo na machweo. Mpe hizo kwa moyo mweupe, aende peke yake. Watoto walale, baridi ya Juni na Julai kule si ya kumtolea mtu blanketini kwa nguvu. Anayetaka kumfuata baba aamke kwa hiari yake. Akirudi kwenye chai, kamera iingie kwenye begi, watu wale chakula kikiwa cha moto.

Siku mtakayopanda msituni kuelekea Mandara, kituo cha kwanza cha wapanda mlima, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, abebe kamera yake bila kuulizwa. Kule kuna mbega, na mbega hawaambiwi wasimame vizuri.

Sasa kuna jambo umelipitia haraka kwenye barua yako nami limenikaa moyoni. Mama mkwe yuko hapo hapo Marangu, na mnampitia mchana mmoja tu! Mwaka huu mpeni siku nzima. Mwambie mumeo kamera aipeleke kihambani, kule nyumbani kwa mama yake kwenye migomba. Amketishe mama yake kizingitini, ndani ya kivuli, uso umeelekea nje kwenye mwanga. Hapo hata mchana picha hutoka laini. Ampige akimenya ndizi za mtori, ampige na wajukuu wanaotaka. Kisha picha mbili tatu zisafishwe Moshi mjini kabla hamjarudi Arusha, bibi apewe mkononi. Wazee wetu wengi hawana raha na picha ya kuonyeshwa kwenye simu na kuondolewa. Wanataka ya kubandika ukutani, mgeni akiingia aulize.

Limebaki la betri. Hilo ni lako, na lazima ulitoe. Usingoje mfike mlimani, wala usiseme mbele ya watoto. Wiki hii, wakishalala, mwambie: "Mume wangu, betri ile niliificha mimi. Nilikasirika ulivyomweka mtoto kwenye stetasi, nikashindwa kukwambia." Halafu nyamaza, umwache ajibu. Huenda akakasirika. Mwache akasirike, amezunguka na tochi usiku kucha. Akitulia ndipo umweleze habari ya binti na ya alfajiri, kwa mpangilio huo. Ukianza na alfajiri atasikia kwamba huipendi kamera, na la mtoto halitamfikia.

Niandikie mkirudi. Nataka kujua binti amesema nini.