Taa zikikonyeza, weka balbu chini kwanza

Wanangu wa waya, jana nimewaangalia kutwa nzima nikanyamaza, leo nasema. Ile gari nyeupe imekuja taa za mbele zakonyeza, mkabadilisha balbu. Zikaendelea kukonyeza. Mkabadilisha tena, za kampuni ingine. Halafu mmoja akaenda kuazima rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayowasha taa, kwa jirani, na mita ya kupima umeme iko kwa droo haijatolewa hata mara moja. Nawapenda na mikono yenu ni mizuri, lakini hilo kosa nalijua, nimelifanya mimi mwenyewe na lilinitoa machozi.

1. Muulize mwenye gari. Yacheza taa moja ama zote? Akipita tuta ama akikanyaga mafuta? Moja peke yake, shida iko pale pale, angalia plagi na waya zake. Zote, na dashibodi nayo yacheza, rudi kwa terminali za betri, mkanda na oltaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Zote mbili za mbele lakini dashibodi imetulia, hapo ni swichi, rilei ama ati, yaani waya wa kurudisha umeme kwa bodi ya gari na negativu ya betri.

2. Ati. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa mwaka wa pili kwa kazi, najiona fundi. Mzee mmoja wa Mtwapa akaleta gari yake, taa za mbele zote zacheza usiku, dashibodi imetulia. Nikatia balbu mpya, akarudi. Nikatia rilei, akarudi. Mara ya tatu nikamwambia mzee hii ni oltaneta, hata sikupima, akaniangalia akasema wewe ndo fundi, akanihesabia elfu tisa na mia tano mkononi, nikanunua ya mtumba nikafunga. Siku nne baadaye, saa mbili usiku, taa zikazima zote mbili akiwa Kibarani, malori mbele, malori nyuma, na binti yake mdogo amekaa kando. Akaja mpaka gereji kwa hazadi, mwendo wa mkokoteni. Hakunigombeza. Aliegesha akashuka, akasema tu, "Mwanangu, leo niliogopa." Hayo maneno ninayo mpaka leo.

Fundi aliyenifunza alikuwa hajafunga. Oltaneta yangu hakuigusa. Alichukua kipande cha waya nene, upande mmoja akaubana kwa negativu ya betri, wa pili akaugusisha kwa pete ya ati chini ya taa ya kushoto, taa zikatulia tuli. Akautoa, zikakonyeza. Akaurudisha, tuli. Akanipa spana namba kumi nifungue mwenyewe. Chini ya ile pete kulikuwa na rangi. Gari iliwahi kugongwa fenda, mtu wa bodi akapuliza rangi ikang'aa vizuri, bolti ikarudishwa juu ya rangi, halafu chumvi ya huku kwetu ikamalizia, pete imeota ule unga wa kijani, ukiugusa unabaki kidoleni kama poda. Na kwa gari ile taa zote mbili zilimalizia ati hapo. Nikapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikatia pete mpya, nikakaza, nikapaka grisi juu. Robo saa. Oltaneta ya kwanza ilikuwa nzima, nikairudisha, na pesa za mzee nikazilipa kidogo kidogo miezi mitatu.

Sasa pimeni hivi: taa zikiwa zimewaka, mita kwa DC, umeme wa betri, ncha nyeusi kwa negativu ya betri, nyekundu kwa ati ya taa. Ikizidi volti 0.2 anza kushuku, ikifika 0.5 fungua bolti. Usipime taa zikiwa zimezimwa, bila mzigo hata ati mbovu yaonyesha sifuri ukadhani ni nzima.

3. Oltaneta. Injini ikinguruma utake volti 13.8 mpaka 14.5 kwa betri. Ikipanda kupita 15, katauti, ile inayozuia umeme wa oltaneta usizidi, imekufa. Halafu geuza mita iende AC, umeme wa kugeuka-geuka, pima hapo hapo kwa betri taa zikiwaka na resi iko juu kidogo, ikizidi nusu volti ni dayodi, kile kidude ndani ya oltaneta kinachogeuza AC kuwa DC. DC yaweza kusoma vizuri kabisa na dayodi moja imeungua, kwa hivyo pima zote mbili.

4. Balbu ya H4, ile ya taa za mbele yenye mwanga mrefu na mfupi kwa balbu moja, ni wati 60 kwa mrefu, 55 kwa mfupi. Vijana wa matatu wanataka 100, mnawafungia, plagi inayeyuka ndani kwa ndani, miezi miwili baadaye taa zakonyeza mnalaumu balbu. Wakatalieni.

5. LED kwa gari mpya: kuna gari kompyuta yake inakata umeme na kuurudisha haraka sana, balbu ya kawaida haioni lakini LED inaona. Tia dekoda, kidude cha kutuliza huo umeme kabla haujafika kwa LED, ama rudisha balbu yake.

6. Toyota nyingi za zamani swichi ya taa inakata upande wa negativu. Ukikuta positivu kwa plagi na taa zimezimwa usishtuke ukaanza kukata waya, hiyo ndo njia yake.

Ile nyeupe bado iko chini ya mkungu. Mwenyewe ni dereva wa teksi, anatoka na giza la alfajiri kupeleka watu uwanja wa ndege, na anatuamini. Kesho saa moja nataka vipimo vinne kwa karatasi kabla mtu hajashika spana: betri injini ikiwa imezimwa, betri injini ikinguruma na taa zimewaka, ati ya kushoto, ati ya kulia. Na fenda yake ya kulia imepigwa rangi juzi juzi, nimeiona nikipita tu na chai mkononi. Nyinyi mmeshinda nayo siku nzima, mmeiona?