Hori la chuma: tazama kitako kabla ya kuuliza unene

Mkuu, umeuliza uchukue mahori ya kulishia ya shiti (bamba la chuma) ya milimita 1.5 au ya milimita 2, kwa ng'ombe 6 wa maziwa na kondoo 20, maana yale ya mbao yameshaoza. Nafuga wote hao huku Arumeru, mkoani Arusha, kwa hiyo nijibu kwa niliyoyaona bandani. Ng'ombe milimita 2, kondoo 1.5 inawatosha. Ila unene sio unaoamua hori litaishi miaka mingapi. Chuma huanza kuliwa pale unyevu unapolala: kwenye maungio ya sakafu, kwenye pembe, na ndani ya miguu. Shiti nene iliyoungwaungwa kitakoni hutoboka mapema kuliko nyembamba iliyokunjwa kipande kimoja.

Kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine ya kukunjia, au peleka shiti ikakunjwe kwingine halafu yeye amalizie. Shiti nzima ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Kwa ng'ombe mimi naitumia nzima: kitako sentimita 45, upande anaosimama ng'ombe 30, upande wa nyuma 43 ili asirushe majani nje, na sentimita 2 kila ukingo zinakunjwa zisimkate shingo. Hapo kuchomelea kunabaki kwenye vifuniko vya ncha mbili tu. Ng'ombe mkubwa anataka kama sentimita 70 za kulia, kwa hiyo hori moja ni ng'ombe 3. Kondoo ipasue shiti katikati kwa urefu upate mahori mawili: kitako 25, pande 16, kingo zilezile 2. Wakila pande zote mbili, kwa sentimita 35 kila mmoja, hori moja linabeba 14. Kwa hiyo shiti 3 zinakutosha, mbili za ng'ombe na moja ya kondoo, ila ongeza kipande cha pembeni cha kukatia vifuniko.

Unaponunua shiti, ipimishe kwenye mizani. Ya milimita 2 kamili ina kama kilo 47, ya 1.5 kama kilo 35. Ukiona imepungua sana, umeuziwa unene wa mdomoni.

Mwambie fundi atoboe tundu la inchi moja na nusu kwenye ncha moja, alitengenezee kizibo, na hori lilale kidogo kuelekea huko. Wakati wa masika utanikumbuka. Na kama una fedha ya kuongeza unene AU ya kuezeka juu ya hori, ezeka.

Miguu ndiyo mafundi wengi wanaifanyia mzaha. Wanaweka bomba la mraba lililo wazi chini, mkojo na samadi vinaingia, linaoza kwa ndani huku nje rangi inameremeta. Siku ng'ombe akiegemea, hori lote chini. Mimi napenda chuma cha engo (chenye umbo la L), kwa kuwa kutu yake unaiona na unaifikia kwa brashi. Ukilazimika kutumia bomba, lizibwe juu na chini, lisimame juu ya zege.

Kuhusu bati la zinki: ni zuri, ila uangalie mambo mawili. Kuna yanayopakwa rangi ya silva yakauzwa kwa jina la zinki. Kwaruza na msumari, rangi itabanduka, zinki haibanduki hivyo. La pili, moto wa kuchomelea unaunguza zinki, kwa hiyo mshono ndio utakaoshika kutu kwanza. Zinki ing'olewe kwa grenda kabla, na baada ya kazi mshono upakwe rangi yenye zinki. Moshi wake mweupe unampa fundi homa na kutetemeka usiku, na yale maziwa mafundi wanayokunywa kujikinga hayazuii kitu. Afanyie kazi nje penye upepo.

Usipake rangi ndani. Ulimi wa ng'ombe ni msasa, rangi itaishia tumboni, na rangi nyingine zina risasi, ambayo ni sumu kwake. Paka nje na miguuni, ndani acha ulimi uking'arishe chuma.

Kama unalisha saileji (majani yaliyovundikwa) kila siku, usitumie chuma cha kawaida kabisa. Asidi yake inakula chuma na zinki vilevile. Chukua pipa la plastiki la lita 200 lililobeba vyakula, lipasue kwa urefu, liketishe kwenye fremu ya chuma. Halipendezi, lakini linadumu.

Kondoo wana ujinga wao: wanapanda ndani ya hori, wanalala, wanakunya, kisha wanakula hapohapo, minyoo na koksidia (vijidudu vya tumboni vinavyoharisha) vikasambaa. Weka bomba juu, kama sentimita 20 kutoka ukingoni, lizunguke likikanyagwa. Kama una dume lenye pembe, tundu za kupandisha bomba hilo ziwe mbili au tatu. Na mahori yao yasichanganywe na ya ng'ombe hata kwa bahati mbaya. Madini ya ng'ombe yana shaba, na kondoo shaba inamjaa kwenye ini polepole bila dalili, mpaka siku unamkuta macho ya njano na mkojo mwekundu mweusi. Hapo mara nyingi umeshachelewa.

Mahori yakifika, kabla hujatia hata shada moja la majani, pitisha sumaku ndani yote na chini pale fundi alipofanyia kazi. Utaokota vipande vya vijiti vya kuchomelea na vyuma vya grenda. Ng'ombe hachambui, anameza. Chuma kinakaa tumbo la pili na kinaweza kutoboa hadi kwenye moyo. Sumaku ya spika mbovu inatosha.