Mwalimu, amri imekataa kwenye laptopu yangu

SWALI: Hujambo, Mwalimu? Mimi ni mwanafunzi hapa Kakamega. Shangazi yangu anauza vitenge na leso sokoni, nami nimemwahidi tovuti ndogo yenye picha na bei. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina Ubuntu 22.04. Niliweka Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, kwa sudo apt install nodejs npm, kisha, ili kuanzisha tovuti kwa zana ya Vite, nikaandika npm create vite@latest. Ikatoa maonyo na neno SyntaxError. Nikaunda folda ya "duka" kwa sudo, nikajaribu tena ndani yake, na sasa hata kihariri kinakataa kuhifadhi faili humo. Rafiki yangu anasema nirudie create-react-app, zana ya kuanzisha miradi ya React (maktaba ya JavaScript ya kuunda kurasa), ndiyo aliyofundishwa 2021. Bando la wiki limekwisha. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Sijambo, mdogo wangu. Amri uliyoandika ni sahihi, herufi kwa herufi. Kilichokuangusha ni Node yenyewe. Andika node -v uone: itakuambia 12.22, maana hiyo ndiyo iliyomo kwenye ghala la Ubuntu 22.04. Vite toleo la 7, lililotoka 2025, linataka Node 20.19, au 22.12 kwenda juu. Node 12 inaposomeshwa JavaScript ya leo inakutana na alama ambazo haizijui, ndipo inalalamikia sintaksia, yaani kanuni za uandishi wa msimbo. Wanafunzi wangu hapa Kondele hukwama papo hapo kila muhula, na wengi hukaa saa nzima wakitafuta kosa la tahajia ambalo halipo.

Sudo, amri ya kutenda kama msimamizi wa kompyuta, haikukusaidia, imekuongezea kazi. Folda uliyoiunda kwa sudo ni mali ya root, yaani huyo msimamizi, si yako, ndiyo maana kihariri kinagoma. Haina kitu cha maana bado, kwa hiyo ifute tu kwa sudo rm -r duka, na uyasome maneno hayo mara mbili kabla ya kubonyeza. Kisha weka nvm, programu ya kuweka na kubadilisha matoleo ya Node. Ukurasa wake kule GitHub una mstari mmoja wa kunakili. Ukimaliza, funga terminali ufungue nyingine, la sivyo utaambiwa nvm haipatikani. Halafu nvm install --lts, ikuletee toleo la Node linalotunzwa kwa muda mrefu. Node hiyo inakaa ndani ya folda yako ya nyumbani, na tangu hapo hutahitaji sudo kwa kazi hii.

Rafiki yako hakukudanganya. Alivyofundishwa ndivyo ilivyokuwa. Create-react-app ilitoka 2016 na mimi nilianzia hapo. Lakini Februari 2025 timu ya React yenyewe ilitangaza kwamba watu wasianzishe tena miradi mipya nayo.

Sasa rudia: npm create vite@latest duka. Itakuuliza mfumo. Ukitaka kujifunza React kwa ajili ya kazi, chagua React, kisha JavaScript. Lakini kwa picha kumi na bei zake, ningekushauri Vanilla, yaani JavaScript tupu bila React. Shangazi anahitaji ukurasa unaofunguka upesi kwenye simu ya mteja aliyesimama juani, na picha na bei hazihitaji zaidi ya hapo. Kisha cd duka, npm install, npm run dev. Fungua kivinjari kwenye localhost:5173, anwani ya ndani ya laptopu yako.

Usikimbilie kuandika. Fungua kwanza index.html, iko juu kabisa ya folda, kwa kuwa Vite huanzia hapo kila kitu. Badilisha maneno yaliyo ndani ya title uandike jina la duka, hifadhi, kisha tazama jina la kichupo likibadilika bila wewe kugusa kivinjari. Mstari wa pili utaona lang="en". Weka lang="sw". Hilo nalisisitiza kwa kila mwanafunzi, maana tovuti ya Kiswahili iliyoachwa na "en" husomwa kwa matamshi ya Kiingereza na programu za kuwasomea wasioona, na ni maneno ya shangazi yako yatakayoharibiwa hivyo.

Kuhusu bando: kinachokula data ni npm install, inayoshusha vifurushi vya msimbo. Vifurushi vikishashuka, npm huweka nakala kwenye folda iliyofichwa ya ~/.npm, kwa hiyo mradi wa pili unaweza kutumia npm install --prefer-offline, itachukua kwanza vilivyopo. Usifute node_modules, folda ya vifurushi hivyo ndani ya mradi, kila ukiona kosa. Wengi wamezoea, nao hulipia mazoea hayo. Ifute wakati mmoja tu: unapohamisha mradi kwa flashi. Hili nalijua kwa uchungu. Nilikuwa nimpelekee mteja tovuti Nakuru, usiku nikaanza kunakili folda nzima. Node_modules ina maelfu ya vifaili vidogo vidogo. Flashi ikasota hadi alfajiri, nikaichomoa kabla haijamaliza kwa sababu matatu ilikuwa inajaa. Kufika Nakuru nafungua, src, folda ya msimbo niliouandika mwenyewe, haimo. Ilikuwa inanakili kwa alfabeti, na n hutangulia s. Nilimwomba mteja radhi nikarudi Kisumu siku hiyo hiyo mikono mitupu. Beba faili zako, pamoja na package.json na package-lock.json zinazoorodhesha vifurushi, huko uendako npm ci itarudisha mengine kwa matoleo yale yale.

Siku ukitaka kumwonyesha shangazi, hata kabla ya kulipia mahali pa kuiweka, washa hotspoti kwenye simu yake, unganisha laptopu, kisha npm run dev -- --host. Terminali itaonyesha anwani ya pili iliyoandikwa Network. Aiandike hiyo kwenye kivinjari cha simu yake. Mawasiliano kati ya simu na laptopu hayali bando, kwa hiyo mpe muda aperuzi vitenge vyake, na akikuambia bei ya doti moja imekosewa, ibadilishe palepale akiona.